Alitafuna Bila Kukunja Uso

Kamugisha, mume wangu mdogo,

Barua za watu huanza na salamu. Hii haianzi nazo. Salamu zako nimeziweka mwisho, na ukiruka mistari ili uzifikie haraka nitajua, maana nakujua. Tangu mdogo ulikuwa unachomoa samaki kwanza, ndizi unawaachia wenzako.

Sasa hivi umetoka kwenda kuaga. Kila nyumba watakukalisha, kila nyumba watakupa kitu cha kubeba ambacho hutakibeba, na hutarudi kabla jua halijagusa kilima. Kwa hiyo tumekaa nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha migomba, mimi na anayeniandikia, tuna mchana mzima wa kukusema. Ukirudi utaikuta juu ya kitanda chako. Isome leo hii hii. Lori la kesho halisubiri msomaji.

Anayeandika ni Kokuberwa. Ndiyo, huyo huyo. Yule wa Nyakahanga, ambaye tangu ulipoanza kutembea nilikukataza kupokea hata kipande cha muwa kutoka mkononi mwake. Usiitupe karatasi. Amekaa mbele yangu kwenye mkeka, miwani yake imefungwa kwa uzi, na ananiambia nisiharakishe maneno kama mtu anayefukuza mbuzi. Mimi nasema Kinyambo, yeye anaandika Kiswahili, kwa kuwa ndicho alichofundishwa kukiandika misheni. Basi ukikuta maneno mazuri ujue ni yake, na makali ni yangu. Anasema hata makali yamo ya kwake. Haya.

Mambo ya sweta na maji ya kuchemsha sitayagusa. Shangazi zako wamekwisha kukueleza yote hayo na wewe umeitikia "ndiyo, shangazi" kwa kila moja bila kusikia hata moja. Mimi nina jambo moja tu. Ni kopo la dawa.

Uliporudi kutoka Bukoba na kofia yako mpya na ile karatasi ya serikali, nilipiga vigelegele mpaka jirani wakadhani tumeoa. Sikujua hata mkaguzi wa dawa anafanya nini. Ukaja jikoni, ukakaa juu ya kinu, ukanieleza. Ukasema, "Bibi, naingia madukani na kwenye zahanati. Nafungua makopo na chupa. Naangalia kama dawa ni dawa kweli, kama haijaharibika, kama hakuna aliyeichanganya na kitu. Ikiwa nzuri napiga muhuri. Ikiwa mbaya naiteketeza." Ukanionyesha ile mizani yako ndogo, ukapima juu yake unyoya wa kuku na punje ya ulezi ili kunichekesha, na vile vichupa vya maji unavyotumbukizia kidonge ukaangalia kinavyogeuka rangi. Nilicheka. Hukuona kwamba nilikuwa nalia. Nilikuwa nasema moyoni, Mungu wangu, kumbe kazi hii ipo. Kumbe kuna mtu anatumwa na serikali kufanya lile nililotakiwa kulifanya mimi, na sikulifanya.

Kisha ikaja siku ya duka la Rwegasira.

Nilikuwepo, na ndiyo bahati yako mbaya. Nilikuwa nimekaa juu ya gunia la chumvi nikisubiri lifti ya kurudi nyumbani, na niliona yote tangu mwanzo. Uliingia. Rwegasira ni mdogo wake marehemu babu yako, wewe unamwita babu, ndiye aliyekusomesha, sisemi vinginevyo. Akakuletea kigoda. Ukakaa. Akakuuliza habari za Bukoba, habari za ziwa, habari za meli, habari za wakubwa zako mmoja mmoja mpaka yule unayemchukia. Ukajibu. Akaleta pombe ya rubisi, akaonja kwanza, akakupa, ukanywa. Akaleta buni za kutafuna, akatafuna moja, akakupa, ukatafuna. Jua likasogea kutoka mlangoni mpaka kwenye mizani ya sukari. Ndipo ukasema, "Babu, samahani, nimetumwa kikazi."

Samahani. Mtu wa serikali anaomba radhi kwa sababu amekuja kufanya kazi yake.

Rwegasira akacheka. "Jamani, mjukuu wangu amekuja kunikagua. Nivue na shati?" Duka zima likacheka, na wewe ukacheka kuliko wote. Akashusha kopo la kwinini kutoka kwenye rafu, akalifungua mwenyewe, akachukua kidonge cha juu kabisa, akakitia mdomoni, akakitafuna kama buni. Akakunyooshea kopo. "Hiki ndicho ninachowapa watu. Ningewapa nisichokula mwenyewe?"

Ukafungua begi lako. Nikajua sasa inatoka mizani. Nikasogea mbele kwenye gunia ili nione vizuri.

Ukatoa muhuri.

Kulikuwa na makopo rafu nzima, Kamugisha. Hukufungua hata moja. Lile moja lililofunguliwa alilifungua yeye. Uliyapiga muhuri yote kama karani wa pamba, tap, tap, tap, kisha mkakumbatiana, akakufungia kuku wa kuja naye nyumbani. Kuku mwenyewe tulimla. Mimi nilikula shingo tu, na ukaniuliza kama naumwa. Lifti haikuja, na njia nzima nilikuwa nyuma yako, ukadhani nimechoka kutembea. Nilikuwa natafuta namna ya kumpiga kofi mtu mwenye kofia ya serikali.

Lakini ningekupiga kwa mkono gani? Desturi hiyo nimekufundisha mimi. Mtu anayekupa kinywaji bila kukionja kwanza, usikipokee. Aliyeonja mbele yako, ukimkatalia umemtukana. Na mtu mzima haulizwi mara mbili. Nimekuimbia hayo tangu ukiwa mgongoni. Sasa nisikilize nikueleze yaliyonipata kwa desturi hiyo hiyo, na ukimaliza, ukitaka, unichukie. Kokuberwa amenikubalia nianze. Anasema amesubiri sana, haoni sababu ya kusubiri na utangulizi.

Umeambiwa mama yako Kemilembe aliuawa kwa uji. Nani alikuambia? Mimi.

Ilikuwa kabla ya vita iliyowachukua vijana wetu mpaka Burma. Wewe ulikuwa unatambaa. Mimi nilikuwa na nguvu, nafanya biashara ya kuvuka mto pale Murongo. Naenda na buni, narudi na sabuni, sindano na chumvi. Kokuberwa alikuwa jirani yangu, kibanja chake cha migomba na changu viligawanywa na mfereji tu. Tulikuwa tunabeba pamoja, tunavuka pamoja, yeye mbele kwa sababu haogopi maji, mimi nyuma namtukana anavyokwenda haraka. Mwaka ule mvua haikukatika na homa ilikuwa kila nyumba. Misheni ilikuwa mbali, na wagonjwa wetu wengi walikuwa wanakata roho kwenye machela kabla ya kufika.

Siku moja sokoni tukamkuta mtu amevaa koti jeusi safi, siyo wa huku. Mbele yake ameweka kikapu kidogo cha kusukwa, kile kile tunachowekea wageni buni, na ndani yake vidonge vyeupe. Akasema ni kwinini, ile ile ya misheni. Sikumjua, wala sijamwona tena. Lakini desturi yetu alikuwa ameisoma kama mchungaji alivyosoma Zaburi. Hakunisifia dawa. Alinikaribisha niketi, akauliza habari za nyumbani, kisha akachukua kidonge kimoja, akakitafuna taratibu huku ananitazama, akameza, ndipo akanisogezea kikapu kwa mikono miwili.

Niliipenda heshima ile. Nakuambia ukweli, hakuna mwanaume wa sokoni aliyewahi kunipa kitu kwa mikono miwili.

Kokuberwa akanibinya ubavuni. Akasema kwa Kinyambo, polepole, "Mbona hakunji uso?"

Na mimi kwinini nilikuwa naijua. Nilikwisha kupewa misheni mwaka mmoja kabla, uchungu wake ulinikaa ulimini siku mbili, hata maziwa yakawa machungu. Nilijua. Yule mtu alitafuna kama anayetafuna karanga, na jambo lenyewe lilikuwa pale usoni pake, mchana kweupe, na mimi nikaona heshima tu. Yeye alisikia Kokuberwa akinong'ona. Sijui kama alielewa Kinyambo au alielewa macho. Akatabasamu, akasema, "Hii ni mpya, mama. Uchungu wameutoa."

Nikamgeukia Kokuberwa nikamwambia, "Umeona? Wewe huna mtaji, una wivu."

Kokuberwa ameacha kuandika. Anasema, "Hukusema hayo tu. Ulisema mimi nisizungumzie uso kukunjwa, kwa sababu wangu niliumbwa nao umekunjwa." Nilisema. Andika na hilo.

Nilinunua kikapu kizima. Nikaja na vidonge hapa Mabira nikawa natembea navyo nyumba kwa nyumba, na unajua nilikuwa nawaambia watu nini? "Ya kwangu haina uchungu, hata mtoto anameza." Nilionja mbele ya kila mtu. Nilitafuna mbele ya kina mama na watoto wao wanaotetemeka, nikatabasamu kama yule mtu alivyotabasamu, na wao wakapokea kwa mikono miwili kama mimi nilivyopokea. Hakuna aliyenifundisha kuiba, Kamugisha. Sikuwa mwizi. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Mwizi angalau anajua alichobeba.

Kisha homa ikamshika mama yako.

Siku ya kwanza nikampa vidonge asubuhi na jioni. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu alikuwa anaongea na watu wasiokuwepo, na wanaume wa ukoo wakaja na miti ya machela, wakasema tumpeleke misheni, tukitoka sasa tutafika. Nikasimama mlangoni nikawazuia. Nikasema, "Kwa nini nimbebeshe mwanangu njia yote hiyo kwenye mvua? Dawa ninayo ndani." Waliniamini. Mimi ndiye niliyekuwa mwenye dawa kijijini. Wakaegemeza miti yao ukutani wakaondoka.

Miti ile iliegemea ukutani siku nyingi. Sikuweza kuitoa, wala sikuweza kuitazama.

Asubuhi ya nne Kokuberwa alikuja mbio na kibuyu cha uji wa ulezi. Alikuwa hajavaa hata kitambaa kichwani. Kemilembe alikuwa anakwenda, tulimwona anakwenda. Kokuberwa akapiga magoti, akamwinua kichwa, akamwekea kibuyu mdomoni. Hakuonja. Nani angekaa kuonja? Mama yako alimeza mara mbili. Kabla ya mchana alikuwa amekufa.

Jioni neno lilikuwa limekwisha kufika kila nyumba. Hakuonja. Wazee wakaniita. Hawakuniuliza kama namshuku. Waliniuliza hivi: "Ulimwona Kokuberwa akiuonja ule uji?"

Nikasema, "Sikumwona."

Ilikuwa kweli. Nimeishi miaka yote hii juu ya ukweli ule mmoja, na hakuna siku umenitosha.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo ambalo sijamwambia mtu isipokuwa huyu anayeandika, na yeye nimemwambia wiki iliyopita. Siku ya tatu baada ya maziko niliingia chumbani kwa mama yako kufagia. Bakuli la vidonge lilikuwa sakafuni karibu na kitanda. Kulikuwa na mstari wa sisimizi kutoka kwenye bakuli mpaka kwenye ufa wa ukuta, na kila mmoja amebeba punje nyeupe. Nikasimama na ufagio. Sisimizi hawali kwinini. Hakuna mdudu anayekula kwinini. Nikachukua kidonge kimoja, nikakitemea mate kiganjani, nikakikanda kwa kidole. Kikavutika. Ulikuwa unga wa muhogo na chokaa kidogo.

Kokuberwa alikuwa bado yupo kwake siku hiyo. Wazee walikuwa hawajaamua. Ningevuka mfereji tu. Hatua ngapi, Kokuberwa? Anasema kumi na nne, alikuwa anazihesabu akija kuazima moto kwangu.

Sikuvuka. Nilikwenda chooni nikamwaga bakuli lote, nikafagia sisimizi, nikanyamaza. Nilikuwa nafikiria nyumba zote nilizopita na kikapu kile. Waliokufa kwa homa mwaka ule, ni wangapi walikuwa na vidonge vyangu tumboni? Sikuuliza. Nilimwacha mtu mmoja abebe uji ili mimi nisibebe kikapu. Wiki iliyofuata wakamkatia migomba yake yote, mmoja baada ya mwingine, na mumewe akamrudisha kwao, na kwao nao hawakumtaka. Akatembea mpaka Nyakahanga, akapata kazi ya kufua mashuka ya wagonjwa misheni, na huko ndiko alikojifunza kuandika. Kibanja chake kilibaki pori. Ule msitu mdogo ulikokuwa ukicheza kutega ndege ndio kibanja chake.

Nimekulea wewe na uongo huo. Nilikuwa nakufundisha kuogopa mkono wa Kokuberwa ili usije ukauogopa wangu.

Basi niliporudi kutoka dukani kwa Rwegasira siku ile ya muhuri, sikulala. Kulipokucha nikakuambia naenda Nyakahanga kutazamwa mguu. Mguu hauna kitu. Nilipanda lori la buni, nikauliza nyumba yake, nikaonyeshwa. Alikuwa anaanika mashuka. Aliniona, akaendelea kuanika mpaka shuka la mwisho, akalinyoosha kila pembe. Kisha akaingia ndani akatoka na uji kwenye kibuyu, akakaa mbele yangu. Akaonja. Akanitazama. Akaonja tena. Akaonja mara ya tatu, polepole, kama anayehakikisha chumvi. Ndipo akanisogezea akasema, "Kunywa. Leo umeniona."

Nilikunywa nikalia mpaka puani. Kisha nikamweleza sisimizi.

Hakusema amenisamehe. Nimemuuliza tena sasa hivi, amesema niendelee na barua. Lakini nilipomwambia kwamba umepiga muhuri kwa sababu babu yako alitafuna kidonge, alisimama ghafla akaanza kufunga kitambaa. Akasema, "Twende. Huyo mtoto nilimwacha anatambaa, sitamwacha akue hivyo." Tukaja wote, nikamlaza kwa jirani usije ukamwona kabla ya barua hii.

Sasa sikia tunachokijua na tusichokijua. Mimi simwiti Rwegasira mwongo. Siku ile alikuwa amesimama, mwanga wa mlango uko nyuma yake, na macho yangu yana ukungu. Sikuona kama alikunja uso. Kwa hiyo nilipotoka Nyakahanga nilipita dukani kwake, nikamuuliza kama mtu anayepiga soga. "Shemeji, kwinini hii unaipata wapi?" Akasema kuna mtu anavuka nayo pale Murongo, bei yake nzuri. Nikasema, "Unamjua vizuri?" Akasema, "Ni mtu mwenye adabu sana. Alionja mbele yangu."

Nilishika meza ya duka. Akaniuliza kama ni mguu.

Nikamwambia nina homa, nikachukua kopo moja, lina muhuri wako juu ya kifuniko. Sijalifungua. Kokuberwa alitaka tulifungue tutafune. Nimemkataza. Ulimi wangu umekufa kwa tumbaku, na wake haukusikilizwa ulipokuwa hai. Sisi tumeonja vya kutosha. Wewe una mizani na vichupa.

Najua utakachosema, nakusikia tangu hapa. Bibi, nikifungua nikakuta ni unga, babu atafilisika, watu watasema nimemaliza mwaka mzima nikitafuta mtu wa kumwaibisha nikamkuta wa ukoo. Watasema. Utasema pia kwamba muhuri umekwisha kupigwa na wakubwa watakuuliza ulipiga ukiwa wapi. Watakuuliza. Ujibu ulikuwa umekaa kwenye kigoda unatafuna buni. Haya ni mambo mabaya na yatakuuma, sikudanganyi. Lakini mvua zimeanza. Jana mke wa jirani wa juu alitoka dukani pale na vidonge kwenye pindo la kanga, mtoto wake anatetemeka mgongoni, na aliponiona akaniambia kwa furaha kwamba vimekaguliwa na mjukuu wangu. Nilimwambia ampeleke mtoto zahanati. Akaniangalia kama nimekutukana. Mumewe ndiye aliyekubali, wakaondoka leo alfajiri. Mmoja huyo nimemgeuza njiani. Waliobaki wanaangalia muhuri wako, hawaniangalii mimi.

Unanielewa kwa nini nimekasirika? Mimi nilikuwa na kikapu, na jina langu liliishia Mabira. Wewe unakwenda kupita jimbo zima na muhuri.

Kesho lori litasimama dukani kwa Rwegasira kupakia magunia ya buni. Huwa wanachukua muda mrefu, wanabishana na kila gunia. Ukiwa umekuta kopo langu ni dawa kweli, mpungie mkono babu yako uende salama, na mimi nitamwomba radhi moyoni kwa kumshuku. Ukiwa umekuta siyo, utashuka. Atakuletea kigoda. Usikae. Ataleta buni. Mwambie utatafuna baadaye. Atakukumbusha nani alikusomesha, na sauti yake itatetemeka, na hapo ndipo penye kazi yako yote. Mwambie ni kweli, babu, ulinisomesha. Kisha fungua la pili, na la tatu, na usichukue kidonge cha juu. Mimi nitakuwa kwenye lori hilo hilo. Sitasema neno. Nitakaa juu ya gunia la chumvi, kama siku ile.

Na usinifiche mimi ili kunilinda. Jumapili nitasimama baada ya ibada niseme habari za sisimizi mbele ya watu wote, Kokuberwa akiwa amekaa benchi la mbele. Nilitaka wewe usikie kwanza, na usikie kutoka kwangu. Amesema atakuja, lakini hataki mtu amshike mkono wala amlilie. Anataka apewe machipukizi ya migomba na watu wa kumfyekea pori lake. Nimemwambia nitafyeka mwenyewe. Ameangalia mikono yangu, amecheka kwa mara ya kwanza tangu aje.

Jua limefika kwenye paa la banda la ng'ombe, utakuwa umeanza kurudi. Namaliza.

Kesho asubuhi ukitoka chumbani utanikuta nimekaa mlangoni. Karibu yangu kwenye kigoda liko kopo. Kokuberwa atakuwa jikoni, uji wa safari anaupika yeye, na amesema hatauonja mbele yako, wala mbele ya mtu mwingine yeyote tena maishani mwake. Utaunywa wote. Lakini kwanza kopo. Utataka kuniamkia, maana nimekulea hivyo. Usiniamkie. Pita. Chukua kopo, lipeleke kwenye mwanga, toa mizani yako, ufanye kama ulivyonifanyia jikoni na unyoya wa kuku. Mimi nitasubiri, hata ikiwa lori linapiga honi.

Ukimaliza, ukijua kilichomo, geuka uniambie shikamoo.

Nami nitaitikia. Hizo ndizo salamu zako nilizoziweka mwisho.

Bibi yako.